Neno la Tatu la Mzee Pei

Njia aliyopita Nyamizi kufika Penlu haina haja ya kusimuliwa. Wanaoipita huwa wamechoka, na mtu aliyechoka haangalii njia. Itoshe kusema kwamba ilikuwa siku ya arobaini tangu amzike mdogo wake. Wageni wa mwisho walikuwa wamekwisha kukunja mikeka, naye akaingia chumbani kwa marehemu, akaketi kwenye kile kiti alichofia mdogo wake, akakichukua kile kishikwambi ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa tangu siku ile. Alipoinua macho alijikuta mbele ya lango la mji asioujua, na jua la saa tisa alasiri likimpiga usoni.

Askari wa lango hakumwuliza ametoka wapi. Alimwuliza ana namba ngapi.

"Namba za nini, kaka yangu?"

"Zako, mama. Kila mtu ana zake."

Akakigonga kibao cha mti kilichoning'inia kifuani pake, akakisoma kwa sauti: Nguvu hamsini na nane, Akili ishirini na mbili, Utii tisini na moja. Hakuona haya hata kidogo hapo kwenye akili. Alisoma kama mtu anayetaja urefu wake.

Basi Nyamizi akapimwa. Alipewa kamba aivute, akategewa kitendawili, kisha akaamriwa asimame, aketi, asimame, aketi, bila kuambiwa sababu. Utii wake ulitoka mdogo, kwa kuwa mara ya nne aliketi na kukataa kuinuka. Walipomaliza wakamvika kibao chake. Lakini askari akawa bado anamwangalia, kichwa ameinamisha upande.

"Na mzigo je?"

"Sina mzigo."

"Unao. Unatembea kama mwenye mzigo. Ngoja nimwite Katibu."

Katibu Gu alikuja na kalamu sikioni na muhuri mkononi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, mmoja wa wale ambao hukunyima jambo huku wamekushika bega.

"Mgeni wetu, karibu. Tuambie ni mzigo gani, tuuandike."

"Si mzigo, mheshimiwa. Nimefiwa na mdogo wangu."

"Amekufa?"

"Amekufa."

Katibu akachovya kalamu. "Mpaka lini?"

Nyamizi hakuelewa. Katibu akarudia polepole, kama anayesema na mtu asiyesikia vizuri.

"Nauliza, amekufa mpaka lini? Mpaka msimu ujao? Mpaka vita viishe? Lazima tuandike siku ya kurudi."

"Kwetu mtu akifa hana siku ya kurudi."

"Basi huko kwenu kuna uzembe mkubwa," alisema Katibu Gu, na akalisema kwa huruma ya kweli.

Hivyo ndivyo Nyamizi alivyoijua sheria ya kwanza ya Penlu, sheria ya Kurudishwa. Nchi ile hutawaliwa na Mwenye Kidole, ambaye hakuna raia aliyewahi kumwona uso. Kidole chake hushuka kutoka nyuma ya Kioo, ukuta mkubwa ulioziba upande wote wa magharibi badala ya mbingu, kikigusa hapa panajengwa ghala, kikigusa pale jeshi linaondoka. Vita vikimshinda, Mwenye Kidole huirudisha nchi nzima kwenye siku aliyoitunza. Maghala yaliyoungua husimama tena. Waliokufa huinuka, wakajipangusa vumbi, wakaulizana kumepikwa nini. Hawakumbuki kitu. Kwa sababu hiyo Penlu hakuna makaburi, hakuna mikeka ya msiba, wala hakuna neno la kumwambia mfiwa. Kwa sababu hiyo pia hakuna aliyejifunza lolote, maana kosa lisilokumbukwa hurudiwa kwa moyo mkunjufu.

Mtu mmoja tu hukumbuka, alisema Katibu, naye ni mshauri, mzee mmoja aitwaye Pei. Ni mzee wa zamani sana, ana akili tisini na saba, na kabla ya kusema lolote hukohoa.

Nyamizi akashika ukuta wa lango.

Alimjua mzee yule. Jioni nyingi Mhoja, mdogo wake, alipofunga kibanda chake cha kutengeneza redio, alikaa barazani na kile kishikwambi mapajani akipigana vita vya wafalme wa kale wa Uchina. Mara moja alimwonyesha. "Dada, mwone mshauri wangu. Mchezo unasema aliishi kweli, alimtumikia mfalme mmoja huko." Nyamizi alitazama akaona kizee chembamba chenye joho la kijivu, kikikohoa ndani ya mkono wa joho. "Na unamsikiliza?" Mhoja akasema anamsikiliza sana. "Unamfuata?" Mhoja akacheka mpaka akashika kifua. Kifua kile kile ambacho Nyamizi alikuwa akimwambia kila wiki akipeleke hospitali, naye kila wiki akajibu, nimesikia, dada.

Akamwambia Katibu, "Nipelekeni kwa huyo mzee."

"Utapelekwa. Lakini kwanza Baraza. Hakuna anayefika popote bila kupitia Baraza."

Wakaenda. Njiani Nyamizi aliona kwamba vivuli havisogei. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alikuwa akianika zile zile, akizianua mbichi na kuzianika upya. Katibu alieleza kwamba tangu Kioo kiwe cheusi jua limesimama saa tisa alasiri, kwa kuwa jua nalo hungoja kidole.

"Kimekuwa cheusi tangu lini?"

"Hatuna siku za kuhesabia, mama. Kutoka saa tisa hadi saa tisa ni muda gani?"

Barazani walikuwa wanajadili jambo lile lile walilokuwa wakilijadili tangu Kioo kizimike, yaani kwa nini Mwenye Kidole amenyamaza. Vyuo vilikuwa vitatu. Watafakari walisema mtawala anafikiri, na kadiri anavyokaa kimya ndivyo wazo lake linavyokuwa kubwa. Wapimwa walisema anawatazama kisiri aone nani atalalamika, kwa hiyo hawakulalamika, na waliwaandika wanaolalamika. Cha tatu kilikuwa chuo cha Walaji. Hao walishikilia kwamba mtawala amekwenda kula.

"Mnajuaje?" Nyamizi aliuliza.

Mkuu wa Walaji, bibi mmoja mkavu aliyeketi wima kama mchi, alimwonyesha ukuta. "Tuna Ngurumo Tatu. Kabla ya giza, sauti ilitoka nyuma ya Kioo mara tatu. Tumeichonga isipotee."

Ukutani palikuwa na herufi kubwa zilizopakwa dhahabu. *Mhoja, chakula tayari.* Chini yake: *Mhoja, kinapoa.* Na chini kabisa: *Mhoja, mimi naondoka, utakula peke yako.*

Bibi akaendelea kwa ukarimu wa mwalimu. "Neno la kwanza hatujui maana yake. Wengi wetu tunadhani ni jina la chakula chenyewe."

Nyamizi alisoma mstari wa tatu, akausoma tena. Ilikuwa Jumapili. Alikuwa uani kwenye jiko la mkaa, amekwisha kujifunga khanga ya kwendea kwaya, na amekasirika kwa kuchelewa. Dirisha la Mhoja lilikuwa hatua sita kutoka hapo. Alipaza sauti, hakuvuka hizo hatua sita. Aliporudi saa kumi na mbili alimkuta kwenye kiti, kichwa kimeinama, wali na maharage uani umefunikwa na sahani.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema.

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akaacha.

"Itamke," alisema bibi wa Walaji.

Nyamizi akaitamka, polepole tu, ile ya kwanza. Wazee watatu wakaziba masikio. Bibi mwenyewe hakuziba. Alimtazama Nyamizi, na kwa mara ya kwanza mgongo wake ukalegea.

"Mhoja si chakula. Ni jina la ndugu yangu. Huyo Mwenye Kidole wenu ni mdogo wangu wa tumbo moja, nimemlea tangu ana miaka sita. Amekufa. Tumemzika. Leo ni siku ya arobaini."

Hakuna aliyelia na hakuna aliyebisha. Katibu Gu alitoa muhuri, akaupulizia pumzi, akagonga karatasi: IMESIKIKA. Kisha mjumbe wa Watafakari akasimama akasema kwamba anamshukuru mgeni kwa mchango wake mzito, na kwamba mchango huo unaonyesha wazi jinsi mtawala anavyofikiri kwa kina, maana kina kikizidi hufanana na kifo kwa macho ya mtu wa kawaida. Walipiga makofi. Mpimwa mmoja akaandika jina la Nyamizi pembeni.

"Huwa wanafanya hivi?" Nyamizi alimwuliza Katibu.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu anayewaambia jambo."

"Mama, hapa kila neno linasikika," Katibu alisema, amemshika bega. "Tuna chumba kizima cha yaliyosikika. Nikipata nafasi nitakuonyesha."

Badala yake alimwonyesha kinamasi, kwa kuwa kilikuwa njiani. Kilianzia chini ya mji kikaenda mpaka macho yalipochoka, na ndani yake walisimama askari elfu kumi na mbili, matope magotini, mikuki juu, wote wakitazama mbele ambako hakukuwa na adui wala njia. Ndiyo ilikuwa amri ya mwisho ya Mwenye Kidole. Kidole kilishuka, kikagusa kinamasi, na jeshi likaingia. Baada ya hapo Kioo kikawa cheusi.

Kando ya matope palijengwa nyumba ndefu, Chuo cha Kinamasi, na humo Jemadari Dou alifundisha vijana hekima ya amri ile. Alikuwa mtu mnyofu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimweleza Nyamizi kwamba mwanzoni hata yeye hakuelewa, lakini sasa ameona sababu kumi na tisa za kijeshi za kusimama kwenye matope, na ya ishirini iko karibu.

"Na wao wanasemaje?" Nyamizi aliuliza, akiwaelekezea askari kidevu.

"Hawajaulizwa."

Askari aliyekuwa karibu na ukingo, kijana mwenye ndevu za kwanza kwanza, aligeuza macho bila kugeuza shingo. "Miguu siisikii, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari tu. "Nilikuwa nayo miwili."

"Nyamaza," alisema Jemadari, lakini bila ukali. Alionekana kama mtu ambaye naye angependa kuketi.

Mzee Pei walimkuta mbele ya Kioo, kwenye mkeka, mdomo umefunguka nusu na mkono wa joho umeinuliwa hadi karibu na midomo. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu giza. Mshauri wa Penlu ana maneno matatu ya ushauri kwa msimu, si zaidi, na hawezi kulitoa neno mpaka Mwenye Kidole aguse Jiwe la Ushauri lililo mbele yake. Mawili alikwisha kuyatoa. La tatu lilikuwa limefika kooni, anataka kulikoholea, ndipo kidole kikaliacha jiwe na Kioo kikazimika. Mambo madogo ya kusemeka na kila mtu, kama chai na hali ya hewa, aliruhusiwa, ila ilimbidi ayaseme bila kuushusha mkono.

"Sauti yako naijua," alisema mzee, Nyamizi alipomwamkia. "Wewe ndiye wa chakula. Kaa, dada."

Nyamizi akakaa. Ilimshangaza kuitwa dada na mtu mwenye umri wa mawe.

"Nisamehe," alisema Pei. "Sijui jina lako jingine. Yeye alikuwa akikuita hivyo."

"Inatosha hivyo, babu."

Wakatazama kile Kioo cheusi, kila mmoja akijiona ndani yake kwa mbali.

"Wanasema unakumbuka yote," alisema Nyamizi.

"Yote. Mara mia nne nilimwambia asivuke mto kabla ya mvua kuisha. Mara mia nne akasema amesikia, akavuka, tukazama. Akaturudisha, nikamwambia tena. Hakunifuata hata siku moja. Lakini nitakwambia jambo. Nimetumikia wengi nyuma ya vioo vingi, na wote wana njia ya kunikatisha. Kuna mahali wakigusa, nafumba mdomo. Ndugu yako hakupagusa. Alikuwa ananingoja nimalize hata kukohoa."

"Na mimi alikuwa ananingoja nimalize," Nyamizi alisema. "Kisha anasema nimesikia, dada."

"Basi tulikuwa wawili."

"Tulikuwa wawili, babu, na hatukufaa kitu."

Pei hakukanusha. Nyamizi alimpenda kwa hilo. Kwa siku arobaini watu walikuwa wakimkanusha: usiseme hivyo, ni mipango ya Mungu, ulifanya yote. Alikuwa amechoka kukanushwa. Akalisema lile lililomleta.

"Wewe ulikuwa unamwona uso."

"Mshauri peke yake huruhusiwa kuinua macho."

"Niliita mara tatu. Mara ya pili alijibu nakuja. Mara ya tatu hakujibu, nami nikaenda zangu kwaya. Nataka kujua, nilipoita mara ya tatu, alikuwa hai? Kama alikuwa amekwisha kufa, basi nilimkasirikia maiti, na hilo nitaliweza. Kama alikuwa hai..."

"Hilo ni la neno la tatu," alisema Mzee Pei. "Siwezi kulitoa bila jiwe kuguswa. Na nikilitoa nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba mtawala amekufa. Adhabu yake ni kuvuliwa kibao. Asiye na kibao hapa hana jina, harudishwi kamwe. Siliogopi hilo. Nimerudi mara nyingi mno. Nakwambia ujue tu kwamba neno hilo likitoka halirudi, na wewe ndiye utakayeondoka nalo."

Huku nyuma Baraza lilikuwa limepata wazo. Wanasheria wao walifukua kwamba kidole cha damu moja na mtawala chaweza kuligusa Jiwe la Ushauri, mara moja tu. Vyuo vyote vitatu vilifurahi, kila kimoja kikiamini kwamba Pei akisema kitashinda. Wakaja kwa maandamano wakiwa na bendera na viti vyao, Katibu Gu mbele na karatasi. Swali lilikuwa limekwisha kuandikwa: je, jeshi la pili, askari elfu kumi na mbili wengine, liingie nalo kinamasini kulitia nguvu la kwanza?

"Mama atagusa," alisema Katibu kwa ile sauti yake. "Mimi nitasoma. Mzee atajibu. Ndiyo utaratibu."

"Na langu?"

"Lako limeshasikika."

Nyamizi alilitazama lile jiwe. Lilikuwa limelika katikati, shimo dogo la duara, na alijua ni kidole cha nani kilichokuwa kikilichimba jioni baada ya jioni. Alimtazama mzee, mkono bado hewani. Aliwaza kwamba kutojua kumemlaza siku arobaini, vibaya, lakini kumemlaza. Angeweza kuacha Katibu asome. Watu elfu kumi na mbili wangeingia au wasingeingia, naye angerudi nyumbani na shaka yake aliyokwisha kuizoea. Shaka angalau ina pande mbili.

Akaweka kidole kwenye lile shimo. Katibu alipovuta pumzi ili asome, Nyamizi akamtangulia.

"Babu, nilipoita mara ya tatu, alikuwa hai?"

Mzee Pei akakikohoa kikohozi chake, kile kilichokuwa kimemngoja kooni muda wote ule, na kilikuwa kikubwa, kikamwinamisha. Kisha akashusha mkono.

"Ulipoita mara ya kwanza alitabasamu. Ya pili akajibu nakuja, na alikuwa anadanganya, kwani aligusa jiwe hili nimpe shauri moja zaidi. Ulipoita mara ya tatu alikuwa hai. Alikusikia. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, naye akaniacha hivyo hivyo, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Aliinua kidole kutoka kwenye kioo, akaanza kuinuka aje. Alifika nusu ya kusimama. Hapo uso wake ukabadilika, akarudi kitini, na mkono ukaanguka. Kidole kiligusa kinamasi kwa sababu ndipo kilipoangukia. Haikuwa amri. Ni mkono wa mtu aliyekuwa anakufa."

Nyamizi alikuwa bado ameshika jiwe. "Ningeingia..."

"Usingemponya. Haikuchukua muda, niliona. Lakini ungemshika. Sitakuficha hilo, kwa kuwa umeuliza."

Jemadari Dou, aliyekuwa amesimama na maofisa wake, alitazama mikono yake. Bibi wa Walaji akafunika uso kwa ushungi.

Kisha Katibu Gu akakumbuka kazi yake. Muhuri ukagonga. Mjumbe mmoja akapendekeza kwamba, kwa uzito wa neno lililotolewa, iundwe kamati ya kuchunguza maana ya kuanguka, na mpaka kamati itoe taarifa askari waendelee kusimama walipo. Wakakubaliana wote, hata wale waliokuwa wakilia. Karani akaja akakata uzi wa kibao cha Mzee Pei, kwa heshima, akiomba radhi.

Yule mzee asiye na jina tena alijaribu kuinuka, magoti yakagoma. Nyamizi akampa bega. Hawakuwa na mahali pa kwenda, wakashuka na mteremko, na mteremko wa Penlu unaishia kinamasini. Pale ukingoni Nyamizi aliishiwa nguvu, si kwa uzito wa mzee. Alikaa chini kwenye majani, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake wa kwao kwenye msiba, akalia. Hakuwa amelia hivyo makaburini. Kule alikuwa mwenyeji, anapokea watu, anauliza kama chai imetosha.

Mzee alimwacha mpaka alipotulia.

"Kwenu," aliuliza, "mtu akishajua, hufanya nini?"

"Hukaa."

"Mpaka lini?"

Alipoliuliza alishtuka mwenyewe, akaona amelitumia swali la Katibu. Lakini Nyamizi hakukasirika.

"Hatupangi. Watu wanakuja wanakaa nawe. Ukichoka kukaa, unainuka."

Mzee akaketi kando yake, akanyoosha miguu kama alivyoona. Wakakaa. Jua lilikuwa pale pale.

Yule askari wa ndevu za kwanza kwanza alikuwa akiwatazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amesikia, kwa kuwa maneno ya juu huteremka mpaka chini hata kama hayakutumwa. Alitazama upande wa Chuo. Jemadari Dou alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, na hakusema fanya wala usifanye. Askari akashika paja lake kwa mikono miwili, akavuta. Tope likauachia mguu kwa sauti mbaya. Akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akavuta wa pili, akatambaa hadi majanini, akauweka mkuki chini, akaketi kando yao. Nyuma yake, mmoja mwingine akaanza kuvuta. Kisha mwingine, mbali kidogo. Wengi hawakusogea.

"Mama," alisema yule kijana baada ya muda mrefu, "sisi tulimjua kidole tu. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nyamizi alifuta pua kwa pindo la khanga. Siku arobaini walimwuliza alikufaje, saa ngapi, nani alimwona. Hili hakuna aliyemwuliza.

"Alikuwa mwongo kidogo," alisema. "Ukimtuma sokoni anakwambia nimeshafika, kumbe bado yuko chini ya kitanda anatafuta kiatu."

Kijana akacheka kwa pua. Mzee naye akacheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, wakamngoja mpaka akamaliza. Waliotoka kwenye matope wakasogea karibu wapate kusikia vizuri, naye Nyamizi akaendelea.